Sauti Kwanza, Herufi Baadaye

Somo la kusoma linaanza ubao ukiwa mtupu. Mwalimu amesimama mbele ya darasa la kwanza, chaki ameiacha mezani, na anawaambia watoto wafumbe macho. Anatamka neno moja: "Meza." Analirudia polepole, analikata katikati: "Me... za." Watoto wanapiga makofi mawili. "Mandazi." Matatu. "Paka." Mawili. "Kofia." Hapo darasa linagawanyika, wengine mawili, wengine matatu, na mwalimu hasemi nani amepata. Anawaambia waweke kiganja chini ya kidevu, walitamke tena taratibu, wahesabu kidevu kinagonga kiganja mara ngapi. Ko-fi-a. Wanafumbua macho, wanatazamana, na waliopiga mawili wanapiga upya bila kuambiwa.

Ni shule ya msingi ya serikali kandokando ya mji wa Morogoro, milima ya Uluguru ikionekana kupitia madirisha yasiyo na vioo. Watoto ni zaidi ya 80 katika chumba kimoja, wanne kwa dawati. Tangu elimumsingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2016, vyumba vya namna hii vimejaa nchini kote, na mwalimu wa darasa la kwanza ndiye anayepokea wimbi lile mwanzo kabisa. Mimi nimepewa nafasi kwenye dawati la mwisho, magoti yakigusa ubao wa chini, niangalie kazi inavyofanyika.

Anayechungulia dirishani ataona mchezo wa makofi. Lakini mtoto wa miaka sita anayesema "meza" anaiona meza: miguu yake, sahani juu yake, mama anayeifuta. Sauti yenyewe hajawahi kuisikiliza, kwa kuwa hakuwa na haja nayo. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumwondoa kwenye kitu na kumleta kwenye sauti, na kazi hiyo haihitaji herufi hata moja. "Meza," anasema. "Toa me. Kumebaki nini?" "Za!" "Paka. Toa ka." "Pa!" "Mandazi. Toa ma." Kimya kidogo, midomo inachezacheza, halafu sauti moja kutoka safu ya kati: "Ndazi." Mwalimu anatikisa kichwa kukubali, anasubiri wengine nao wafike, ndipo anaendelea.

Kisha anapunguza kipande. Mama, meza, mimi, moto: yote yanaanza na nini? Darasa linajibu "ma", "me", "mi", kila mtu na lake, na wote wana sababu. Silabi ya Kiswahili ni kitu kigumu kukivunja. Karibu kila mara inaishia kwa irabu, na sikio la mtoto huichukua nzima. Kumtenganishia m na a ni sawa na kumwomba atenganishe sukari na chai. Hapa ndipo nilipoanza kuuona ufundi wa mwanamke huyu. Hakueleza neno. Alifunga midomo yake, akaielekeza kwa kidole, akatoa sauti ndefu kupitia puani: mmmmmm. Watoto wakafuata, darasa zima likavuma. Akawaambia wabane pua zao huku wakiendelea. Sauti ikakatika palepale, kicheko kikalipuka, wakataka kurudia, naye akawaruhusu warudie mara nyingi walivyotaka. Baada ya dakika hizo hapakuwa na mtoto asiyejua m inatokea wapi. Inapita puani, midomo ikiwa imefungwa, na a haimo ndani yake.

Watoto wengi huja shuleni na alfabeti waliyofundishwa nyumbani: a, be, che, de, e, efu, ge. Mwalimu hailaumu nyumba. Mtoto mmoja aliposimama na kusema kwa fahari, "Hiyo ni me!", alijibiwa, "Ndilo jina lake, mwanangu. Sasa tuambie inaliaje." Tofauti hiyo ndogo ndiyo nguzo ya njia nzima. Mtoto aliyekariri majina akiambiwa aunganishe me na a, hupata "mea", na ana haki ya kushangaa anapoambiwa jibu ni "ma". Aliyefundishwa mlio huunganisha mmm na aaa, na jibu linajitokeza lenyewe mdomoni. Wengi tunaokumbuka kuchapwa kwa sababu ya "mea" tungeokolewa na sentensi hiyo moja.

Hata mpangilio wa sauti una hesabu yake. Baada ya irabu tano anaingia kwenye m, kisha s, l na n, sauti zinazoweza kuvutwa kwa muda ambao pumzi inaruhusu. Sauti inayovutwa inampa mtoto nafasi ya kuitelezesha hadi kwenye irabu. P, t, k na b anazichelewesha, kwa sababu hazivutiki: midomo au ulimi unafunga, unaachia, basi, sauti imekwisha. Ukijaribu kuivuta k utajikuta umeongeza irabu, umesema "ka" au "ke" bila kutaka, na mtoto ataibeba irabu hiyo ya ziada mpaka darasa la tatu. Anapofika kwenye k, mwalimu huitamka kwa mnong'ono, koo halitoi mlio wowote, na hapohapo anaipokeza irabu. Niliwahi kusikia walimu wakiifundisha k kwa sauti ya juu, darasa zima likipiga kelele "ka!", na sikuwa nimeelewa kwa nini watoto wale wakiona "ki" walisoma "kai".

Ndipo chaki inachukuliwa.

Ubao umepigwa mistari mitatu kwa rula ndefu ya mbao, asubuhi, kabla ya kengele. Anaandika m moja, kubwa, na kila hatua ya mkono ina neno lake: shuka, panda, pinda, shuka, panda, pinda, shuka. Chaki inaanzia mstari wa kati, inashuka wima hadi mstari wa chini, inarudi juu kwa njia ileile bila kuinuliwa, inapinda kulia, inashuka, inarudi, inapinda tena, inashuka. Halafu anawageuzia watoto mgongo, ananyoosha mkono wa kulia, na anaiandika hewani. Nilijiuliza kwa nini anawapa mgongo hadi nilipouinua mkono wangu na kumfuata. Angewaelekea, kulia kwake kungekuwa kushoto kwao, na herufi ingegeuka. Mikono zaidi ya 80 ikapanda pamoja nyuma yake, na kila mdomo ukisema shuka, panda, pinda, shuka.

Kutoka hewani wanahamia juu ya dawati kwa kidole. Kutoka kwenye dawati, wale ambao vidole vyao bado ni vizito wanakwenda kwenye kona, palipo na mifuniko ya maboksi iliyotandazwa mchanga mkavu uliochekechwa. Mchanga una faida ambayo karatasi haina: kosa linafutwa kwa kiganja na halibaki kumwaibisha mtu. Waliobaki wanatoa madaftari na penseli, nyingi zikiwa nusu, zimekatwa nyumbani ili ndugu wawili wagawane. Mwalimu anapita. Kidole gumba na cha shahada vinashika, cha kati kinabeba kutoka chini, na penseli inalala kwenye pengo la gumba. Anayeikaba kwa ngumi hafokewi. Anafunguliwa vidole kimoja kimoja, vinapangwa upya, anaachwa. Akirudi na kukuta ngumi tena, anavifungua tena.

Mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto amekalishwa mwisho wa dawati, upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani, na daftari lake limeinamishwa kulia kidogo. Katika shule nyingi za zamani mkono huo ungefungwa au kuchapwa hadi uache. Hapa umepewa nafasi yake, na mwandiko wake ulikuwa miongoni mwa mizuri niliyoiona.

Jambo lililonishangaza katika mzunguko ule ni kwamba mwalimu hakuwa akitazama madaftari. Alikuwa akitazama mikono. Mtoto anaweza kuichora a iliyopendeza kwa kuanzia chini, au kwa duara na kijiti kilichobandikwa pembeni baadaye, na ukiiangalia karatasi hutagundua kitu. Lakini mkono uliozoea njia hiyo utakwama siku ya kuandika neno zima kwa haraka. A inaanzia kulia juu, inazunguka kushoto, inashuka, inapanda, inajifunga, kisha inashuka wima bila kuinua penseli. Anayekwenda kinyume anashikwa mkono na kusindikizwa njia yote, hata kama herufi yake ilikuwa tayari nzuri. B na d anazifundisha zikiwa zimeachana kwa majuma kadhaa, na kila moja ina mwanzo wake: b huanza kwa fimbo, d huanza kwa duara. Mkono ukishakumbuka ulikoanzia, jicho halibabaiki.

Sasa kuunganisha. Kadi zake amezikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni, zimebandikwa manila nyeupe, na herufi zimeandikwa kwa makapeni, irabu kwa rangi nyekundu, konsonanti kwa nyeusi. Anawaita watoto wawili mbele. Mmoja anashika m, mwingine a, wamesimama ncha mbili za ubao. Mwenye m anaanza kutembea, na anapotembea darasa linavuma mmmmmm, haliruhusiwi kukata pumzi. Anapomfikia mwenye a, kadi zinagusana, midomo yote inafunguka: aaa. Wanarudi, wanatembea haraka zaidi. Mmmaa. Wanarudi tena, hatua moja tu. Ma. Hapo mwenye a anakaa, anapanda mwenye i, na m anaanza safari upya. Mi. Kisha mwenye u. Mwalimu hajawahi kusema "ma" wala "mi" wala "mu" tangu zoezi lianze. Watoto wamezitengeneza wenyewe.

Kuna siku m, k, a na i zinatosha kusomesha: mama, kaka, mimi, kama, kima. Kuongeza t na u kunaleta kuku, tatu, kiti, tumia. Mwalimu hungojea siku hiyo kwa hamu inayoonekana usoni, kwa kuwa mtoto anapoliunga neno ambalo hakuambiwa na kugundua analijua, huwa anainua kichwa haraka na kumtafuta mtu wa kumtazama. Yeye huhakikisha yupo.

Kiswahili kina huruma kwa anayejifunza kusoma. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 na kusimamia tahajia, tuliachiwa maandishi ambayo karibu kila sauti ina alama yake moja na irabu hazibadiliki popote zinapokaa. Mwalimu wa Kiingereza ana sauti takribani 44 za kugawia herufi 26, na sauti moja huweza kuandikwa kwa njia tano au sita. Mtoto wetu hana mzigo huo. Wala mbinu ya kwenda kwa sauti haikuletwa na maboksi ya misaada. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, watoto kwa karne nyingi wameisoma herufi pamoja na irabu yake, fatha, kasra, dhamma, ba, bi, bu, kabla ya kulifikia neno.

Lakini urahisi huo huo una mtego, na mwalimu huyu anaujua vizuri. Kila darasa la kwanza nchini lina chati ukutani: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du. Mpe mtoto fimbo ya kuonyeshea na ataisoma chati yote, kutoka juu hadi chini, kwa sauti ya wimbo, mgeni akipiga makofi. Mfunike macho, ataisoma vilevile. Amekariri. Mzazi anafurahi, mkaguzi anaandika vizuri, na mtoto anafika darasa la tatu akiwa hawezi kulisoma tangazo la duka. Naamini hiki ndicho kiini cha tatizo ambalo mtaala wa mwaka 2015, uliorudisha kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya kila kitu katika madarasa mawili ya mwanzo, ulikusudia kulitibu. Mtaala unaweza kupanga vipindi. Kutofautisha mtoto anayesoma na anayeimba ni kazi ya sikio la mwalimu.

Anaifanya hivi. Anaigeuza chati ielekee ukuta. Anachukua vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi ndani yake, anavitikisa kwenye kikombe cha plastiki na kuvimwaga mezani. Bo. Ku. Se. Mi. Wimbo unakosa pa kushika. Mtoto aliyeiongoza chati jana kwa sauti ya juu anakodoa macho, na mwalimu hamwaibishi. Anamrudisha kwenye m inayotembea kuelekea a. Halafu anaandika ubaoni maneno yasiyo na maana yoyote: temo, lisu, bakoti. Picha haipo, hadithi haipo, hakuna pa kubahatisha. Anayesoma "temo" amesoma kweli. Nchini Uingereza jambo hili limefanywa mtihani tangu mwaka 2012: watoto wa mwaka wa kwanza hupewa maneno 40 ya kusoma, nusu yakiwa ya kubuni, kila moja likiwa na picha ya kiumbe wa ajabu pembeni ili mtoto asidhani ni neno la kweli. Mwalimu wangu wa Morogoro hahitaji picha. Anasema tu, "Haya hayana maana, yasomeni hivyohivyo," na watoto wanayapenda kuliko ya kweli.

Muhula wa pili ndio mgumu. Sh, ch, ny, th, dh, gh, ng', kisha mb, nd, nj, nz, mw, kw, na mengine yanayofuata. Sh yake iko kwenye kadi moja na haijawahi kuonekana kwenye mbili, maana mtoto akishaziona s na h zikikaa mbalimbali atazisoma mbalimbali. Kwa ng' na ng anarudi puani: ng'ombe, ngoma. Katika ng' ulimi umeinuka nyuma na mlio wote unapita puani, hadi irabu inapoanza. Katika ng ya ngoma kuna kitu kinachogonga kooni kabla ya irabu. Watoto wanabana pua, wanajaribu, wanasikia. Kialama kile cha juu, ambacho watu wazima wengi hukisahau wanapoandika, wao wanakichora kwa uangalifu mkubwa, ncha ya ulimi ikiwa nje.

Kuna m inayosimama peke yake. Mtu, mti, mto: makofi mawili, ingawa irabu ni moja. Mbuzi nayo makofi mawili, lakini m yake haisimami, imeegemea b. Mwalimu anayaweka bega kwa bega na kuwaacha waisikie tofauti. Siku moja aliandika "mbuni" ubaoni na kuuliza makofi mangapi. Aliyemfikiria ndege alipiga mawili, mbu-ni. Aliyeufikiria mti wa kahawa, na wapo waliotoka kwenye mashamba ya milimani, alipiga matatu, m-bu-ni. Wote walikuwa sahihi, na alitumia muda mrefu kuwahakikishia hilo, kwa kuwa kila upande ulikuwa umeshaanza kuudharau mwingine.

Kwa wanaochanganya r na l, kwa sababu ndivyo inavyosemwa nyumbani, ana kioo kidogo mfukoni. Kula, kura. Mtoto anatazama ulimi wake: katika l unagusa na kutulia, katika r unatetemeka. Hawaambii kwamba kwao wanakosea. Anawaambia kwamba kitabuni kuna alama mbili, na kila alama inataka ulimi wake.

Kipindi cha imla ndicho nilichokipenda kupita vyote. Anasema neno mara moja kwa mwendo wa kawaida, mara moja taratibu, kisha ananyamaza. Kunyamaza huko kuna ujuzi wake. Mwalimu mwingi wa haraka hulirudia neno mara sita, na kila anapolirudia humkata mtoto aliyekuwa katikati ya kulisikiliza kichwani. Yeye hasogei. Unasikia penseli, kikohozi, mtu akinong'ona "shuka, panda".

"Ndizi," alisema.

Mvulana wa dawati lililo mbele yangu aliandika "dizi". Mwalimu alifika, akaangalia, hakuweka alama ya kosa. "Hebu nisomee ulichoandika, baba."

"Dizi."

"Mimi nilisema ndizi. Sikiliza mwanzo wake."

Mvulana alisema "ndizi" kwa sauti ya chini, mara mbili. Hakuna kilichobadilika usoni pake. Nyuma kulikuwa na watoto wanaogombania kifutio, mlangoni mwalimu mwenzake alikuwa ameleta daftari la mahudhurio, na yeye bado amechutama kando ya dawati, mkono kwenye ubao wa chini, hasemi. Ningemwambia jibu. Nadhani karibu kila mtu angemwambia jibu, kwa wema kabisa, na siku ya pili mtoto angeandika "dege" na "dugu". Mvulana akajigusa pua. Akaibana. Akajaribu tena neno lake, likakataa kutoka. Aliachia pua, akachukua penseli, na akaibandika n mbele ya d, imebanwa sana kwa kuwa nafasi haikubaki. Mwalimu alisema, "Ndiyo hiyo," akainuka, akaenda kusuluhisha ugomvi wa kifutio.

Zinapoanza kuandikwa sentensi, tatizo linahamia kwenye nafasi kati ya maneno. "Mamaanapikachai," anaandika mmoja, yote kamba moja. "Mama a na pi ka cha i," anaandika aliyeizoea silabi kupita kiasi. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtu, wakati na tendo ndani yake, na si rahisi kumweleza mtoto kwa nini anapika ni neno moja. Mwalimu haelezi sarufi. Anawaambia waweke kidole cha mkono mwingine baada ya kila neno, kisha waanze lingine ng'ambo ya kidole. Na ili kujua neno linaishia wapi, anawaita watoto watatu mbele na kumpa kila mmoja kadi yake: mama, anapika, chai. Darasa linapoisoma sentensi, kila mmoja anachuchumaa neno lake linapotajwa. Watatu, si saba. Wanahesabu wenyewe.

Mwisho wa yote ni kusoma kwa maana. "A-sha a-na-te-ka ma-ji," anasoma msichana, kidole kikitambaa chini ya kila silabi. "Vizuri. Sasa niambie kama unanipa habari." Anavuta pumzi, anasoma upya: "Asha anateka maji." Ni sauti nyingine kabisa, ina mwanzo na mwisho. "Nani anateka?" Asha. "Anafanyia nini?" Kitabu hakikusema. Msichana anafikiri, anajibu kwamba labda mama yake anafua. Mwalimu analipokea jibu hilo kwa uzito uleule. Kwa kuwa Kiswahili kinasomeka kwa urahisi, mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima pasipo kujua unasema nini, na asiyemuuliza hatagundua.

Kengele ikishalia na watoto wakishatoka, anabaki na madaftari. Hayasahihishi kwa alama tu. Anayapanga mafungu matatu mezani, na hilo ndilo linalompangia kesho. Fungu la kwanza ni walioandika ndizi, ndege na ndoo bila shida. La pili ni waliokosea neno moja. La tatu, lenye dizi, dege na doo, ndilo refu zaidi leo. Andalio lake la somo linasema kesho ni ny. Anachukua kalamu, anaikata ny, anaandika nd juu yake, kisha anaanza kuchagua kadi.